Jiwe la Bahari na Mafuta ya Alizeti

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Yunisi alifagia uwanja wa nyumba ya bibi yake, akafungulia kuku, kisha akaenda kuchota maji kwenye bomba la kijiji. Kijiji chao kipo nje kidogo ya Iguguno, upande ule ambao barabara inapanda kuelekea machimbo ya kokoto. Wakati wa mavuno nyumba yao yote hunukia alizeti. Magunia hupangwa stoo mpaka yakazuia dirisha, na mafuta yaliyokwisha kukamuliwa hukaa kwenye madumu ya njano nyuma ya mlango.

Mwaka huo Yunisi aliongezewa kazi moja. Alipeleka ndoo ya maji ya kuoga kwenye chumba cha mgeni.

Mgeni huyo aliitwa Daktari Emiliana Mughwai. Alikuwa mzaliwa wa Ikungi, na alifundisha chuo kikuu. Hakuwa daktari wa kutibu wagonjwa. Kazi yake ilikuwa kuchunguza mawe ili ajue yalitengenezwa na nini, na mahali gani, na zamani kiasi gani. Wanakijiji hawakulijua hilo mwanzoni. Siku moja mzee mmoja alimjia akiwa na goti linalomuuma tangu mvua za mwaka uliopita. Daktari Emiliana alimwomba radhi, akamweleza kwamba yeye ni daktari wa mawe tu. Kisha akamvutia kiti, akamchemshia chai, akamsikiliza habari za goti lake mpaka mwisho. Mzee yule aliondoka na furaha kama mtu aliyepewa dawa.

Nyumba za wageni zilikuwa mbali, kwa hiyo Bibi Martina, bibi yake Yunisi, alimpa chumba cha uani. Dereva wake, Hezekia, alilala kwa jirani. Kila siku wawili hao walikwenda machimboni, mahali ambapo katapila ilikuwa imekata kilima mpaka ndani. Kati ya tabaka za mawe mekundu palikuwa na mkanda mmoja wa mwamba mweusi. Huo mkanda mweusi ndio alioutaka Daktari. Alivunja vipande kwa uangalifu, akavifunga kimoja kimoja kwenye karatasi ya alumini, akavipanga ndani ya sanduku la bluu. Sanduku lilikaa stoo, juu ya meza, mbali na magunia.

Siku ya kwanza kabisa Daktari alimwita Yunisi stoo.

"Yunisi, vitu vyangu vyote unaweza kushika. Viatu, begi, hata simu. Sanduku hili, hapana. Mimi mwenyewe nikishika mawe haya huwa nimevaa glavu."

"Yanawasha, Daktari?"

"Hayawashi mama. Sisi ndio tunaoweza kuyaharibu. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Na Yunisi alikusudia kabisa kutii.

*

Alhamisi, walipokuwa wakitoka shule, Christopher alimfuata nyuma. Christopher alisoma naye darasa la sita, na hakuwa mtoto mbaya, ila mdomo wake haukupumzika.

"Yunisi, mgeni wenu ameshajaza ndoo ngapi za kokoto?"

"Si kokoto."

"Ni nini? Mama yangu anagonga kokoto pale pale kila siku. Mwambie mgeni wenu aje kwetu, tutampimia ndoo, hata gari hatahitaji."

Watoto wengine walicheka.

"Mawe yake yana mistari," Yunisi alisema. "Mistari myembamba sana, imepangwa kama kurasa za kitabu. Alinionyesha siku moja."

"Mimi nimeyaona. Ni meusi tu, kama sufuria ya bibi yako."

Walicheka tena. Yunisi alitembea haraka, akawaacha. Alichukia kwamba ni kweli, kwa macho ya haraka mawe yale yalikuwa meusi tu.

Alipofika nyumbani alimkuta Bibi Martina amekaa kwenye mkeka, amezungukwa na vibuyu, miiko na kinu. Alikuwa akivipaka mafuta ya alizeti kwa kitambaa. Ndivyo alivyofanya siku zote. Kibuyu kikikauka hupasuka, lakini ukikipaka mafuta hung'aa na hudumu. Mgeni akikaribia kuondoka, Bibi hufanya vivyo hivyo kwa vitu vya mgeni. Hufuta vumbi kwenye viatu vyake, hupaka mafuta mpini wa jembe lake au fimbo yake, ili aondoke na vitu vinavyopendeza. Hakuna aliyewahi kumwomba afanye hivyo. Ilikuwa ni njia yake ya kusema asante kwa kututembelea.

"Daktari anaondoka keshokutwa," Bibi alisema. "Chukua kitambaa hiki mjukuu wangu, ukafute viatu vyake na mpini wa ile nyundo yake. Mimi nakwenda kwa jirani kumtafutia kuku."

Yunisi alifuta viatu. Akafuta mpini wa nyundo. Kisha akasimama stoo, kitambaa mkononi, akilitazama sanduku la bluu.

Alijiambia kwamba atafungua tu aangalie. Alifungua. Alikunjua karatasi ya jiwe la kwanza, akaligeuza kwenye mwanga wa mlango. Lilikuwa na vumbi, limefifia. Mistari haikuonekana vizuri. Akamkumbuka Christopher. Akakikumbuka pia kibuyu cha bibi yake, jinsi kinavyobadilika kikiguswa na mafuta.

Alipitisha kitambaa juu ya jiwe.

Jiwe lilibadilika mbele ya macho yake. Weusi wake ukawa mzito, na mistari ikajitokeza yote, mingine ya kijivu, mingine ya rangi ya kutu, myembamba kuliko uzi. Yunisi alitabasamu peke yake. Akalipaka la pili, na la tatu. Akawaza jinsi Daktari atakavyofungua sanduku huko mjini na kukuta mawe yake yanang'aa. Halafu akataka kuona lipi limependeza zaidi, akayapekua yote kwa vidole vyake vyenye mafuta, akakunjua na kukunja karatasi moja baada ya nyingine.

Aliposikia bibi yake akikohoa barazani, alifunga sanduku, akatoka.

*

Ijumaa, kipindi cha mwisho, mwalimu wao aliingia darasani pamoja na Daktari Emiliana. Wanafunzi walisimama.

"Shikamoo Daktari."

"Marahaba wanangu. Kaeni. Nimekuja kuwaaga, na kuwaambia nimekuwa nikifanya nini kwenye kokoto zenu."

Christopher aliangalia chini, na darasa likacheka kidogo.

Daktari alichora kilima ubaoni. Chini yake akachora mistari mingi ya kulala.

"Kilima hiki cha machimbo," alisema, "zamani sana kilikuwa sakafu ya bahari."

Minong'ono ilianza darasani. Christopher akanyoosha mkono.

"Daktari, bahari iko Dar es Salaam."

"Hiyo ni ya leo. Ninayosema mimi ilikuwepo kabla ya watu, kabla ya ng'ombe, kabla ya majani. Hata samaki hawakuwemo. Dunia ilikuwa bado changa, na hewa yake usingeweza kuivuta. Chuma kilikuwa kimeyeyuka ndani ya maji ya bahari, kama chumvi inavyoyeyuka kwenye mchuzi. Kikawa kinashuka chini taratibu, tabaka juu ya tabaka. Na matope nayo yakashuka. Baada ya muda mrefu sana yakagandamizwa, yakawa mawe. Mawe mekundu mnayoyaona ni kile chuma. Mkanda mweusi ni yale matope."

"Na chumvi ya ziwa pale Singida mjini," aliuliza msichana mmoja, "ni ya bahari hiyo?"

"Swali zuri. Hapana. Lile ziwa ni la juzi tu ukililinganisha na mawe haya."

Mwalimu aliuliza, "Sasa Daktari, wewe unatafuta nini ndani ya matope hayo? Dhahabu?"

"Wengi wananiuliza hivyo. Natafuta dalili kama kulikuwa na uhai. Kama viumbe wadogo sana, wadogo kuliko jicho linavyoweza kuona, waliishi kwenye maji yale, walipokufa walizama kwenye matope. Miili yao imepotea. Lakini huenda kitu kidogo kimebaki." Aliweka chaki chini. "Kila kiumbe kina mafuta kidogo mwilini. Mimi natafuta masalia ya mafuta yao ndani ya jiwe."

Yunisi aliishusha mikono yake chini ya dawati.

"Ni kiasi kidogo mno," Daktari aliendelea. "Mtu akigusa jiwe kwa kidole kitupu, mashine yangu itaona mafuta ya kidole chake. Nitadhani nimepata uhai wa zamani, nitautangaza, watu wataandika vitabuni, na ninyi mtafundishwa darasani jambo la uongo. Mimi nimeifanya kazi hii kwa miaka mingi. Afadhali nirudi mikono mitupu kuliko kurudi na uongo."

Baada ya hapo wanafunzi waliuliza maswali mengi. Yunisi hakusikia hata moja. Alikuwa akitazama vidole vyake.

*

Jioni ile Bibi alichinja kuku. Daktari alikula kwa furaha, akasifu ugali, akamsifu Bibi, akamsifu hata jogoo aliyebaki kwa uvumilivu wake. Hezekia alicheka mpaka akapaliwa.

"Na huyu," Daktari alisema akimshika Yunisi bega, "amenitunza kama mama yangu mdogo. Maji ya moto kila asubuhi. Leo nimekuta viatu vyangu vinang'aa, nikajua ni nani."

"Sema asante, Yunisi," alisema Bibi.

"Asante, Daktari."

Alitaka kusema zaidi. Maneno yalikuwepo, yamejaa kinywani. Lakini alimwona bibi yake, namna alivyokaa wima kwa fahari, namna alivyokuwa amevaa kitenge chake kizuri kwa ajili ya mgeni. Kama angesema sasa, Bibi angeaibika mbele ya watu. Na Daktari angeuondoa ule mkono begani kwake. Yunisi alimeza tonge, na maneno akayameza nalo.

Alijaribu kujifariji. Labda mafuta yatakauka. Labda mashine haijui alizeti. Labda mawe aliyoyapaka hayatachaguliwa. Lakini kila alipojifariji aliiona picha moja: watoto wengine, mwaka mwingine, darasani, wakiandika kwenye madaftari yao jambo lisilo la kweli, kwa sababu yake.

Usiku huo usingizi ulimpita mbali.

*

Jumamosi asubuhi Hezekia alileta gari mlangoni. Alipakia mabegi, akapakia nyundo, akapakia kuku wawili wa zawadi waliofungwa miguu. Mwisho kabisa alibeba sanduku la bluu kwa mikono miwili, kama mtu abebaye mtoto mchanga, akaliweka kwenye kiti cha nyuma na kulifunga mkanda.

Daktari alipiga goti kumuaga Bibi Martina. Walishikana mikono muda mrefu, wakiombeana heri. Kisha akamgeukia Yunisi.

"Haya mama yangu mdogo. Soma sana."

Yunisi hakuutoa mkono wake. Alikuwa ameuficha nyuma.

"Daktari, usiondoke na hayo mawe."

"Kwa nini?"

"Nimeyapaka mafuta."

Hezekia, aliyekuwa anafunga mlango wa gari, alisimama.

"Mafuta gani, Yunisi?" Daktari aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya chini sana.

"Ya alizeti. Juzi. Nilifungua sanduku. Nilipaka matatu, halafu nikayashika yote kwa mikono ile ile. Nilitaka yang'ae." Hapo ndipo machozi yalipotoka. "Sikujua ni mafuta unayoyatafuta. Jana ulipotuambia darasani nikajua. Nikaogopa kusema."

Kuku mmoja wa zawadi alilia ndani ya gari. Bibi Martina alisema kitu kwa Kinyiramba, polepole, kisha akaketi kwenye ngazi ya baraza.

Daktari Emiliana naye aliketi, kwenye ukingo wa mlango wa gari. Alifunika uso kwa viganja. Yunisi angependa apigiwe kelele.

Hatimaye Daktari aliinua kichwa.

"Uliyashika yote? Nijibu ukweli, usinipunguzie kwa sababu ya huruma."

"Yote. Hakuna nililoliacha."

"Basi hakuna hata moja ninaloweza kuliamini." Alisimama. "Hezekia, machimboni wanalipua lini?"

"Leo mama. Msimamizi Enock alisema wanamngoja mlipuaji kutoka Singida. Akifika tu, wanaweka baruti."

"Na wakilipua upande ule, mkanda mweusi unakwisha."

"Unakuwa kokoto."

Daktari alikuwa tayari ameingia kwenye gari. "Bibi, naomba nimchukue Yunisi."

"Mchukue," alisema Bibi Martina. Aliinuka kwenye ngazi, akafuta uso wa mjukuu wake kwa ncha ya kitenge kile kizuri. "Nenda ukasaidie kurekebisha ulichokiharibu. Nami niko hapa nakungoja."

*

Machimboni mashine ya kutoboa mwamba ilikuwa inanguruma. Mama wanaogonga kokoto walikuwa wameshaanza kukusanya nyundo zao na kuhamia mbali, kama wanavyofanya kila siku ya kulipua. Bendera nyekundu ilikuwa imesimikwa njiani. Enock, msimamizi wa machimbo, alilikuta gari getini, mkono mmoja juu.

"Dada Daktari, tulishaagana jana."

"Nimepoteza mawe yote, kaka Enock. Nahitaji kuchukua mengine pale pale. Nipe nafasi."

"Nimekupa nafasi wiki nzima. Mwenye kokoto ananipigia simu kila asubuhi. Hivi yamepoteaje?"

Daktari alifungua mdomo kujibu, lakini Yunisi alishateremka kwenye gari.

"Shikamoo baba. Ni mimi niliyeyaharibu. Niliyapaka mafuta bila ruhusa."

Enock alimtazama mtoto yule, macho yamemvimba, miguu ina vumbi. Aliitazama barabara ya kutoka Singida. Kisha akautazama ukuta wa mwamba.

"Mashimo hayana baruti bado," alisema. "Mlipuaji akifika, nikipiga filimbi, kila mtu anatoka. Hata kama umeshika jiwe la almasi, unaliacha. Na mtoto haingii. Anakaa hapa getini."

"Nakubali."

Enock alivua kofia yake ngumu mwenyewe, akampa Hezekia, kwa kuwa Hezekia hakuwa nayo.

Daktari alitandika turubai safi karibu na gari. Alimvalisha Yunisi glavu mpya, akampa bunda la karatasi ya alumini.

"Kazi yako ni kukata na kutandaza karatasi. Hugusi kitu kingine chochote. Uso usijishike, nywele usijishike. Ukijisahau, vua glavu, uniambie."

"Ndiyo, Daktari."

Hezekia alikuwa anatafuta vifaa. Tindo la Daktari, patasi yake ya kukatia mwamba, lilikuwa chini kabisa ya mabegi, nyuma ya kuku. Kijana mmoja wa machimboni aliona wanavyohangaika, akawapa tindo lake la kuvunjia mawe, kwa huruma tu. Daktari alilipokea mbio mbio, akaanza kwenda.

"Daktari," Yunisi aliita. "Hilo tindo linang'aa kwenye ncha."

Daktari alisimama, akaliangalia. Ncha ilikuwa na utelezi wa grisi.

"Umeona vizuri," alisema, akalirudisha kwa kijana yule na kumshukuru. Hezekia alimwaga mabegi yote chini mpaka likapatikana tindo lenyewe. Yunisi akawakumbusha pia mpini wa nyundo aliokuwa ameupaka mafuta, na Daktari akaufunika wote kwa karatasi ya alumini.

Walipanda kwenye mkanda mweusi. Kutoka getini Yunisi aliwaona kama watu wadogo, mmoja akishika, mwingine akigonga. Daktari alivunja kwanza ganda la nje akalitupa, akaingia ndani ambako mwamba haujawahi kuguswa na mtu. Jiwe la kwanza lilishushwa. Yunisi alitandaza karatasi, Daktari akaliweka, akalifunga, akaandika namba, akakimbia tena juu. La pili. Kisha wakakaa sana bila kushuka, kwa sababu mwamba ulikuwa mgumu.

Yunisi aliangalia barabara. Mbali, kwenye mteremko, vumbi liliinuka.

"Ni lori la alizeti tu," alisema Enock, lakini naye alikuwa ameshaweka filimbi mdomoni.

Lilikuwa lori la alizeti kweli. Likapita.

Pua ya Yunisi ilianza kumwasha. Ilimwasha mpaka machozi yakamlenga, lakini mikono yake ilibaki mbele yake, juu ya karatasi. Mmoja wa mama wanaogonga kokoto, mama yake Christopher mwenyewe, aliliona lile hangaiko. Alikuja bila kuuliza, akamkuna pua kwa upindo wa kanga yake, akarudi alikotoka.

Mawe mengine yalishuka. Daktari alikuwa anahema, magoti yake yamechubuka. Alipokuwa anafunga la mwisho aliloshusha, vumbi jingine liliinuka barabarani. Safari hii likakata kona kuja machimboni.

Filimbi ilipigwa.

Daktari aligeuka akautazama ule mkanda mweusi. Hezekia alikuwa bado juu, na mbele yake palikuwa na kipande kikubwa kilicholegea nusu.

"Hezekia, shuka," Daktari aliita.

"Kimebaki kidogo tu mama."

"Kiache. Shuka."

Alishuka mikono mitupu. Enock alihesabu watu wote, mmoja mmoja, kisha akafunga geti.

*

Waliusikia mlipuko wakiwa nyumbani. Vikombe vilitikisika kwenye sinia, na kuku wakakimbilia chini ya gari. Bibi Martina alikuwa amechemsha uji, akamimina mpaka kila mtu akapata.

Mawe yalikuwa machache kuliko ya kwanza. Daktari aliyapanga kwenye chombo kipya, akafunga. Kisha akalifungua lile sanduku la bluu, akatoa jiwe moja linalong'aa.

"Bibi, naomba mafuta yako ya alizeti. Kidogo tu, kwenye chupa."

"Ya nini tena?" Bibi aliuliza kwa hofu.

"Nitaondoka na jiwe hili moja na mafuta yenyewe. Nitayapima yote. Nitajua alizeti inaonekanaje ndani ya mashine. Nikiona kitu kama hicho kwenye mawe safi, nitajua ni uchafu, si bahari."

Bibi Martina alijaza chupa ndogo, akaifuta pembeni, halafu akaona haya kwa kuifuta. Wote wakacheka, na kwa mara ya kwanza siku ile Yunisi akacheka pia.

"Unisamehe, mwanangu," Bibi alimwambia Daktari. "Huyu ameniona mimi nikipaka kila kitu mafuta."

"Bibi, moyo wa kumpendezesha mgeni ameupata kwako, nami nimeufurahia. Yunisi, njoo."

Yunisi alisogea. Daktari aliuweka tena mkono wake begani pale pale.

"Sikiliza, maana sitaki usahau. Ulifanya kosa ulipofungua kitu ulichokatazwa. Hukujua sababu ya katazo, lakini kutojua sababu hakukukupa ruhusa. Ungeniuliza, ningekueleza. Ulifanya kosa la pili uliponyamaza jana. Ungesema jana jioni, tungekuwa na muda wa kutosha, na leo ningeondoka na mawe mengi zaidi. Hiyo ndiyo hasara ya kukawia, na lazima uijue."

"Nimekosa, Daktari."

"Najua. Na leo asubuhi gari lilikuwa limewashwa. Hakuna ambaye angejua. Mimi ningefika, ningeyapima mawe yale, na ningefurahi, na ningeidanganya dunia nzima bila kukusudia. Umeniokoa na hilo. Ulipoona lile tindo hukungoja hata kidogo, ulisema hapo hapo. Ufanye hivyo siku zote. Ukikosea, sema mapema, useme yote, kisha ubaki usaidie kurekebisha."

*

Miezi ilipita, mvua zikaja na kwenda. Siku moja mwalimu aliingia darasani na simu yake, akaiweka mezani, akaongeza sauti.

"Shikamoo Daktari," darasa zima lilimwamkia.

"Marahaba. Nimewapigia kuwapa habari za kilima chenu. Jiwe lenye alizeti limejaa alizeti, kama tulivyotegemea. Kwa macho ya mashine, lilikuwa linadanganya vizuri sana."

"Na mawe safi?" Christopher aliuliza, amenyanyuka kabisa kwenye dawati. "Kulikuwa na viumbe?"

"Kuna dalili ndogo sana. Bado sijui ni nini. Nitapima tena, na wenzangu watapima, na tukijua nitawaambia. Tusipojua, nitawaambia hivyo pia."

Christopher alimgeukia Yunisi. "Hiyo alizeti iliingiaje kwenye jiwe?"

Mwalimu alitaka kuzuia swali hilo. Yunisi alisimama.

"Niliipaka mimi," alisema. Akawaeleza darasa zima, tangu kitambaa cha vibuyu mpaka filimbi ya Enock, bila kupunguza.

Kwenye simu Daktari naye alikuwa anasikiliza.

"Mama Alizeti," Christopher alisema hatimaye, lakini kwa sauti ya upole, na akamsogezea nafasi kwenye dawati aketi.

"Mmesikia wanangu," alisema Daktari. "Naweza kuyaamini mawe niliyonayo kwa sababu mtu mmoja alisema ukweli ulipokuwa mgumu kuusema. Mkiwa wakubwa, mkafanya kazi yoyote ile, shambani, dukani au maabara, watu watategemea neno lenu. Mlitunze."